Mkaguzi wa Vyuo Naye Akaguliwe

Hotuba hii niliitoa hapa Mwanza mbele ya wahadhiri, maafisa uthibiti ubora wa vyuo vya Kanda ya Ziwa na viongozi wa wanafunzi. Watu kadhaa waliniomba niiandike ili na waliokosa nafasi waisome, kwa hiyo nimeiacha kama nilivyoongea, nimenyoosha tu sehemu chache.

Mwangaluka! Ahsanteni. Wakubwa zangu shikamooni, wakuu wa vyuo mliokuja na mliowatuma wawakilishi, wahadhiri wenzangu, maafisa uthibiti ubora ambao kazi yenu haina makofi, na nyie wanafunzi wangu mliokaa nyuma kule, sogeeni mbele kuna viti, maana mada hii ni ya kwenu kuliko ya mtu mwingine yeyote humu ndani.

Nimeombwa niongelee suala la taasisi ya ithibati kujiunga na chama cha taasisi wenzake. Yaani kile chombo kinachokagua vyuo, kinachosema kozi hii iendelee na ile isimame, nacho kiwe na kundi la vyombo vingine vya nchi zingine ambavyo kinakaa navyo, kinalipa ada, kinafuata viwango walivyokubaliana na, hapa ndo penye uzito, kinakubali kukaguliwa nao. Nikisema haya swali la kwanza ninaloulizwa kila mahali ni moja, tunalipa ada ya nini? Si tuna sheria yetu, tuna tume yetu, chuo kikiharibu kinafungiwa, huyo mtu wa nje anakuja kufanya nini? Ni swali la haki kabisa na nataka nilijibu taratibu, tena nilijibu kwa kitu ambacho mtu wa Mwanza hahitaji kuelezwa mara mbili.

Wazee wa hapa mnakumbuka mwishoni mwa miaka ya 1990. Sangara wetu anatoka ziwani, anaingia kiwandani, minofu inapanda ndege kwenda Ulaya, mvuvi wa Kayenze na wa Ukerewe anapata hela ya maana, mara Ulaya wakafunga mlango. Kwanza habari ilikuwa kipindupindu, hiyo ni mwaka 1997 kuingia 1998, halafu 1999 ikaja habari mbaya zaidi ya watu kuvua kwa sumu, mlango ukafungwa tena, na haukufungwa kwa nchi moja, ziwa lote tuliumia, sisi, Uganda na Kenya. Sasa kuna jambo ambalo wengi hawakuliangalia vizuri, nalo ni jinsi ule mlango ulivyokuja kufunguliwa. Ulaya hawakuleta mtu akae Kirumba apime sangara mmoja mmoja, isingewezekana. Walitaka kuona nchi ina mamlaka ya ukaguzi inayoeleweka, ina kanuni zilizoandikwa, ina maabara, ina wakaguzi wanaoweza kukisimamisha kiwanda bila kuogopa simu ya mkubwa, na wakaja kumkagua huyo mkaguzi mwenyewe. Wakisharidhika na mkaguzi, cheti anachosaini kinatosha, mzigo unapita. Ndo maana leo tuna maabara ya taifa ya ubora wa samaki pale Nyegezi, mtu akitoka Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, SAUT, pale Malimbe hata hachoki kufika.

Basi shahada nayo ni hivyo hivyo. Chuo kikuu cha ng'ambo hakiwezi kuja Mwanza kukaa darasani kuona kama kweli ulifundishwa. Ofisi ya udahili ya Nairobi, au ya Kampala, au ya huko Ujerumani, inaangalia nani alikikagua chuo chako, halafu inajiuliza huyo aliyekagua anaaminika? Na huyo mkaguzi hawezi kujithibitisha mwenyewe kwa barua yake mwenyewe yenye mhuri wake mwenyewe. Lazima kuwe na wenzake waliomwangalia.

Zamani tatizo hili halikuwepo Afrika Mashariki na ni vizuri vijana mlijue. Mwaka 1963 kilikuwepo chuo kikuu kimoja tu cha Afrika Mashariki, chenye vyuo vishiriki vitatu, Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Mtoto wa Mwanza akitaka udaktari anakwenda Makerere, akitaka uhandisi Nairobi, akitaka sheria anashuka Dar, na wa Kisumu anayetaka sheria naye anakuja Dar, wanarudi wote na shahada ya chuo kimoja, hakuna mtu wa kumuuliza mwenzake hiki cheti chako kina uzito gani. Mwaka 1970 kikavunjwa, kila nchi ikachukua chake. Watu walijaribu kuziba pengo, ikaundwa kamati ya vyuo vikuu ambayo mwaka 1980 ikawa Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, IUCEA, makao yake Kampala, na mwaka 2009 ikapewa sheria yake ndani ya Jumuiya. Lakini vyombo vya ukaguzi vilizaliwa kila kimoja nyumbani kwake. Sisi tulianza na Baraza la Ithibati la Elimu ya Juu mwaka 1995, likaja kuwa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, mwaka 2005. Kenya wana tume yao chini ya sheria ya 2012, Uganda wana baraza lao chini ya sheria ya 2001. Kila mmoja ana nguvu kwake, akivuka mpaka hana amri hata ya kufungua kabati la faili.

Na wanafunzi wanavuka! Hilo ndo jambo. Mwaka 2015 Jumuiya ilipitisha mfumo mmoja wa sifa za elimu ya juu, kwamba krediti moja ni saa kumi za kazi ya mwanafunzi, shahada ya kwanza isipungue krediti 360, na Mei 2017 marais wakatangaza Afrika Mashariki kuwa eneo moja la elimu ya juu. Karatasi nzuri sana. Lakini karatasi haijui kama zile saa kumi zilifundishwa kweli au mwalimu alituma tu slaidi kwenye grupu la WhatsApp. Anayejua ni mkaguzi. Tukarudi pale pale, mkaguzi anaaminika?

Niwape habari ya binti mmoja, jina lake nalihifadhi. Mama yake anauza dagaa Mwaloni, mimi nilimfundisha huyu binti na alikuwa mzuri darasani, sio wa kusukumwa. Akamaliza, akaomba uzamili chuo kimoja ng'ambo ya ziwa. Alikuja ofisini kwangu na bahasha ya kaki, ndani ana cheti ambacho mama yake alikipeleka kikapigwe lamineti ili kisilowe, si unajua nyumba ya mtu wa biashara ya dagaa, na ile lamineti ilikuwa imeulaza mhuri wa kubonyeza mpaka ukipitisha kidole husikii kitu. Transkripti yake ilikuwa na alama na madaraja, krediti hakuna, imeandikwa tu masomo kwa muhula. Kule wakamuuliza maswali ambayo binti wa miaka ishirini na kitu hana majibu yake, programu yako ilipewa ithibati lini, mara ya mwisho ilikaguliwa lini, na ripoti ya ukaguzi iko wapi tuisome. Barua zikaanza kutembea, chuo kikaandika, ofisi nyingine ikaandika, ikaja barua ya kuomba ufafanuzi wa barua, muhula ukaanza, nafasi yake akapewa mtu mwingine. Binti hakufeli kitu chochote. Walioshindwa ni watu wazima wenye ofisi, kwa sababu ofisi hizo mbili hazikuwa zimewahi kukaa pamoja wakaaminiana kabla binti hajafika na bahasha yake.

Na msidhani ni sisi tu. Wenzetu wa Uganda mwaka 2023 walipata mtihani mkubwa, mtandao wa baraza lao ulikuwa unaonyesha kozi nyingi za vyuo vyao kwamba muda wake umepita, wahitimu waliokuwa wanaomba nafasi nje wakaanza kukwama, ikabidi baraza litoke lieleze kwamba kozi hizo zinasubiri mapitio, haina maana shahada hazitambuliki. Neno moja kwenye orodha lilitosha kuwatia watu hofu. Vyombo vikikaa pamoja kwenye chama vinakubaliana hata mambo madogo kama hayo, kwamba kozi iliyochelewa kupitiwa iandikwe vipi ili msomaji wa nchi nyingine asielewe vingine.

Sasa vyama vyenyewe ni vipi. Kuna mtandao wa dunia, unaitwa INQAAHE, ulianzishwa Hong Kong mwaka 1991 na taasisi nane tu, leo wanachama wamezidi mia tatu. Kuna wa Afrika, AfriQAN, ambao umekaa Accra chini ya Umoja wa Vyuo Vikuu vya Afrika. Kuna wa kwetu hapa Afrika Mashariki, EAQAN, huu ni wa karibu zaidi na una uzuri kwamba sio wa tume peke yake, hata kurugenzi za ubora za vyuo zimo, kwa hiyo afisa wa ubora wa chuo cha Mwanza asiseme hii haimhusu. Halafu kuna wa Ulaya, ENQA, ulioanza mwaka 2000 kama mtandao na 2004 ukawa chama, huu nautaja kwa sababu moja maalum. ENQA ukitaka kuwa mwanachama kamili hulipi ada ukapewa nembo ukaondoka. Wanakuja kukukagua kwa viwango vya Ulaya ambavyo vilipitishwa 2005 vikapitiwa upya 2015, na baada ya miaka mitano wanarudi, ukishindwa huendelei.

Nataka nikae hapo kwenye kukaguliwa, maana ndo nilichokuja kusema, mengine yote ni maelezo. Kuna kujiunga kwa aina mbili. Kuna kujiunga kwa kupata cheti cha uanachama kikatundikwa mapokezi, mkubwa akapata safari ya mkutano mkuu, picha ikapigwa, na kuna kujiunga kwa kufungua mafaili. Aina ya kwanza siitaki na siwezi kuisimamia mbele yenu, ni hela ya umma inapotea. Hata huo mtandao wa dunia wenyewe unatofautisha, kuwa mwanachama ni jambo moja, na kutathminiwa ukaonekana unaendana na viwango vyao ni jambo lingine, unaliomba mwenyewe kwa hiari. Mimi nasema twende kwenye hilo la pili.

Linaendaje? Taasisi inaanza kwa kujitathmini yenyewe, inaandika ripoti ndefu, na hapo ndo kazi ilipo. Watu wanadhani gharama ni ada, hapana, gharama ni miezi ya wafanyakazi kukaa chini kutafuta ushahidi wa kila wanachokisema. Halafu linaundwa jopo, watu wa vyombo vya nchi zingine, mtu wa chuo, na siku hizi mwanafunzi naye anakaa kwenye jopo, sio kama mgeni, ni mjumbe kamili anayeuliza na kuandika. Jopo linasoma, linakuja, linahoji. Nimeshakaa kwenye vikao vya namna hiyo na niwaambie, anayekuja kukukagua ni mtu wa kazi hiyo hiyo, humdanganyi. Hakuulizi kama mna mwongozo, anajua mnao. Anakwambia naomba maombi ya ithibati mliyoyakataa miaka ya karibuni na sababu mlizoandika. Naomba mafaili mawili ya kozi moja ya uuguzi, chuo cha serikali na chuo cha binafsi, nione kama kipimo ni kimoja. Huyu mjumbe wa jopo lenu aliyekwenda kukikagua chuo fulani, mbona mwaka uliofuata anafundisha pale, alisaini fomu ya mgongano wa maslahi? Chuo kisiporidhika kinakata rufaa kwa nani, na huyo wa rufaa ni watu wale wale waliotoa uamuzi? Ripoti zenu ziko wapi mwananchi azisome bila kuandika barua ya maombi?

Mkiangalia hayo maswali hakuna hata moja la kigeni. Ni maswali ambayo mzazi wa Magu angeuliza kama angepewa nafasi. Tofauti ni kwamba mzazi wa Magu hana pa kuulizia na huyu anayo mamlaka ya kuuliza kwa sababu tumejiunga na tumekubali.

Mnakumbuka mwaka 2017, TCU ilizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya. Ulikuwa uamuzi mzito na sitaki kusema haukustahili, mimi ni mtu wa ubora, chuo kisichokuwa na wahadhiri wala maktaba kisidahili, basi. Lakini uamuzi wa ukubwa ule unagusa maelfu ya familia, na mtu wa kawaida anabaki na maswali, kwanini hiki na sio kile, kuna mkono wa mtu? Mkaguzi aliyekaguliwa na wenzake ana jibu jepesi, anasema njooni mtazame utaratibu wangu, watu wa nje wameupitia, wamesema upo sawa hapa, wamenikosoa pale na nimerekebisha. Hapo hata chuo kilichofungiwa kinajua kimetendewa haki. Kwa hiyo kujiunga kunamlinda mkaguzi mwenyewe, hasa siku akitakiwa kusema hapana kwa mtu mzito.

Hili la kusema hapana lina mfano mzuri wa Uingereza. Wana taasisi yao ya siku nyingi ya kukagua ubora wa vyuo inaitwa QAA. Serikali yao ilikuja na utaratibu mpya wa kusimamia vyuo vya England na QAA ikapewa kazi rasmi ndani ya utaratibu huo. Shida ikawa kwamba namna kazi ile ilivyotakiwa kufanywa kwa England haikuendana na viwango vya Ulaya ambavyo QAA imejifunga navyo. Wangeweza kukaa kimya wakaendelea kula mkate wao. Mwaka 2022 wakatangaza wanaiachia ile kazi, na mwisho wa Machi 2023 wakaiachia kweli, ili waendelee kufuata viwango vya kimataifa. Mnaona uzito wake? Taasisi inaacha kazi rasmi nyumbani kwake kwa sababu ilitoa ahadi kwa wenzake. Bila hiyo ahadi ya nje wangekuwa na kitu gani cha kuegemea?

Kuna wanaosema hayo ni mambo ya wazungu, tunaleta ukoloni kwa mlango wa uani. Nawaheshimu wanaosema hivyo maana tumeshaletewa mengi. Ila kwenye hili nina jibu. Afrika Mashariki tulikuwa na mwongozo wetu wenyewe wa ubora, IUCEA walianza kuuandaa mwaka 2006 na wenzao wa Ujerumani, ukajaribiwa kwenye kozi za vyuo vya kwetu, watathmini wakatoka nchi moja kwenda kukagua nchi nyingine, wahadhiri wa huku huku tunaofahamiana, na toleo likatoka 2010. Afrika nzima nayo imeandaa viwango vyake chini ya Umoja wa Afrika. Kwa hiyo anayekuja kukagua anaweza kuwa Mkenya, Mnyarwanda, Mghana, mtu anayejua maana ya darasa la wanafunzi mia nne na projekta moja. Na sisi tunakwenda kwake. Huo ndo uzuri wa chama kuliko kuletewa mkaguzi na mfadhili, mfadhili anakukagua wewe tu, kwenye chama leo nakukagua kesho unanikagua, hakuna bwana na mtumwa hapo.

Tena kuna mikataba ya nchi kutambuliana shahada ambayo itatukuta tukilala. Mkataba wa Addis wa nchi za Afrika wa mwaka 2014 ulioanza kutumika Desemba 2019, halafu ule wa dunia wa UNESCO uliopitishwa 2019 ukaanza kazi Machi 2023. Yote miwili inasimama juu ya jambo moja, nchi itambue shahada ya nchi nyingine isipokuwa ionyeshe tofauti kubwa ya msingi. Sasa hiyo tofauti itaonyeshwaje au kukanushwaje kama hakuna ripoti za ukaguzi zinazosomeka na vyombo vinavyoaminiana? Utabaki kubishana kwa barua kama za yule binti.

Jambo moja la tahadhari nisilipite, maana naona linakuja. Kuna vyama feki. Kama kulivyo na vyuo vya kuuza shahada, kuna na taasisi za kuuza ithibati, zina jina refu zuri lenye neno dunia ndani yake, zina nembo ya mwenge na kitabu, unatuma hela kwa kadi na wiki hiyo hiyo umepata uanachama na tuzo ya ubora juu. Chuo kikikuletea cheti cha namna hiyo kiulizeni, walikuja kuwakagua lini? Ripoti ipo? Kuna mtu alishawahi kukataliwa nao? Kama hakuna aliyewahi kukataliwa, hicho sio chama cha ubora. Nimeona vyeti vya hivyo vimetundikwa ukutani na watu wamevaa suti wanapiga navyo picha, inauma, kwa sababu mzazi anayeuza ng'ombe kulipa ada anaviamini.

Sasa sisi wa hapa ziwani tufanye nini, maana taasisi ya ithibati makao yake Dodoma, kuna atakayesema hayo wamalizane huko. Hapana. Tume haina cha kuonyesha wageni kama vyuo havina. Jopo la nje likija kuikagua taasisi huwa linachagua na vyuo vya kutembelea, linaweza kusema tunataka Mwanza, twende chuo cha afya cha Bugando, twende SAUT, twende kwenye matawi ya vyuo vya Dar na Dodoma yaliyoko hapa. Wakifika wataomba ripoti za mtahini wa nje, yaani mwalimu wa chuo kingine anayekuja kupitia mitihani yenu, na kuuliza alichokosoa mwaka juzi kilifanyiwa nini. Hapa nawaomba sana wakuu wa idara, ile ripoti ya mtahini wa nje isiishie kwenye droo. Mtu amesafiri, amesoma karatasi za mitihani usiku, ameandika kwamba swali la tatu limerudiwa mwaka wa pili mfululizo na mwongozo wa kusahihisha hauna mgawanyo wa alama, halafu mwaka unaofuata swali ni lile lile. Anayekuja kukagua akifungua ripoti mbili zikisema kitu kimoja ameshamaliza kazi yake kabla hajanywa chai.

Wataomba pia kuongea na wanafunzi bila mwalimu kuwepo. Msiwachagulie wanafunzi wa kuongea, jamani. Nimeona sehemu wanafunzi wamepangwa, wote wanajibu sentensi moja kama wamekariri shairi, jopo linatoka pale na mashaka mengi kuliko kama wangesikia malalamiko ya kawaida ya maji na intaneti. Chuo chenye wanafunzi wanaolalamika na menejimenti inayoonyesha imefanya nini ni chuo kizima.

Na transkripti. Wasajili wa vyuo mliopo, wekeni krediti kwenye transkripti, andikeni ngazi ya sifa kama mfumo unavyotaka, jina la programu liwe lile lile lililo kwenye ithibati, sio cheti kinasema hivi na orodha ya tume inasema vile. Hilo halihitaji mfadhili wala kikao cha baraza la chuo, linahitaji mtu wa kompyuta na wiki moja.

Kwa maafisa uthibiti ubora, ombeni mfundishwe utathmini rika, yaani watu wa kazi moja kukaguana, mwingie kwenye orodha za watathmini za IUCEA na za tume. Kanda hii ina watu wenye akili na uzoefu ila majopo yanapoundwa majina yanatoka Dar kwa sababu ndo yanayojulikana. Mtu wa Mwanza akienda kukagua Mbarara au Kisumu akirudi anakiona chuo chake kwa macho mengine kabisa, anajua kabla ya kuambiwa wapi panavuja. Vyuo viwalipie nauli, na hata kama bajeti ni ndogo, basi la kwenda Kampala kwa njia ya Bukoba lipo, tusijifanye kwamba bila ndege hatuwezi kushiriki.

Wanafunzi, na nyie mna kazi. Serikali yenu ya wanafunzi iombe ripoti ya ukaguzi wa chuo, iombe kwa adabu na kwa maandishi. Kozi unayosoma ina ithibati mpaka lini ni swali lako, ulipe mwenyewe au ulipiwe na bodi ya mikopo, ni swali lako. Na siku mwanafunzi atakapohitajika kwenye jopo, asipelekwe rafiki wa rais wa wanafunzi, apelekwe anayesoma na anayeweza kumuuliza profesa swali akamwangalia usoni.

Nimeongea muda mrefu na nimeona mikono tangu nilipotaja mambo ya ada. Kuna fomu ya kujitathmini nimeiacha mezani pale mlangoni, kila idara ichukue nakala, tukutane tena tuzisome pamoja, chuo cha jirani kisome ya jirani yake, tuanze kukaguana wenyewe kabla ya wageni. Maswali tuanze na wanafunzi, wahadhiri mtanisamehe. Wewe mwenye shati la bluu, chukua maiki, taja jina na chuo chako.